Mgeni Kazini, Mfiwa Nyumbani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2004, inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za mapumziko yenye malipo. Kifungu hicho, cha 34, wengi ofisini wamekikariri. Kifungu cha 29 hutajwa mara chache zaidi, nacho kinasema kwamba haki za likizo yenye malipo zilizomo katika sehemu hiyo ya sheria hazimfikii mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kazini. Soma vifungu hivyo viwili pamoja uone vinamfikisha wapi kijana aliyeripoti kazini mwezi wa Machi, kisha mwezi wa Mei akapigiwa simu usiku kwamba mama hatunaye. Kwa maandishi ya sheria ile, ruhusa yake inategemea moyo wa bosi ambaye pengine bado hajalishika jina lake vizuri.

Nchi nyingine nyingi nazo hazijafanya vizuri zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haitaji likizo ya msiba. Jambo hilo limeachwa kwa mikataba ya vyama vya wafanyakazi na kanuni za kila mwajiri. Afrika Kusini hutoa siku 3 kwa sheria ya mwaka 1997, lakini kwa mtu aliyevuka miezi 4 kazini. Marekani ina sheria ya taifa ya mwaka 1993 kuhusu likizo ya familia na ugonjwa, nayo haigusi kufiwa. Ufaransa hutoa siku 3 kwa kifo cha baba au mama na haiulizi umeajiriwa lini, na kwa hilo nawapongeza. Hata hivyo, ubishi wote huu ni wa kuhesabu siku. Nimesoma na kusikiliza jinsi watu wa dini na nchi mbalimbali walivyolishughulikia suala hili, na nimeridhika kwamba waliolishughulikia vizuri walijiuliza jambo la mbele zaidi: mtu huyu akirudi kazini, nani atajua kwamba bado ana msiba, na atamfanyia nini?

Uchina ya enzi za wafalme ilikwenda mbali sana katika kuhesabu. Ofisa wa serikali aliyefiwa na baba au mama alitakiwa kuacha cheo, kurudi kwao na kuomboleza kwa miezi 27, ikihesabiwa kuwa miaka mitatu kwa sababu ilikuwa imeshaingia ndani ya mwaka wa tatu. Alivaa nguo za katani zisizopindwa pindo, akaacha nyama na pombe. Aliyekuwa akijiandaa kwa mitihani ya kuingia katika utumishi naye hakuruhusiwa kuifanya hadi muda huo uishe. Sheria ya enzi ya Tang iliweka kuficha kifo cha mzazi ndani ya kundi la makosa 10 mabaya kuliko yote. Kwa hiyo swali la kuanza kazi mpya huku unaomboleza halikutakiwa hata kuzuka: msiba ulikwisha kwanza, kazi ikafuata.

Na bado lilizuka. Katika kitabu cha mafundisho ya Confucius yumo mwanafunzi wake, Zai Wo, aliyemwambia mwalimu kwamba miaka mitatu ni mingi mno. Hoja yake ni ya mtu wa kazi kabisa. Ukiacha ibada na muziki kwa miaka mitatu, ujuzi wako utaharibika. Mwaka mmoja unatosha, kwa kuwa nafaka ya zamani imekwisha na mpya imevunwa. Mwalimu akamuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali mzuri na kuvaa hariri mapema namna hiyo. Akajibu kwamba ungetulia. Basi fanya, akaambiwa. Alipotoka, mwalimu aliwaeleza waliobaki kwamba mtoto hukaa miaka mitatu kabla ya kutoka mikononi mwa wazazi wake. Namheshimu Confucius kwa hesabu hiyo, maana imefungwa kwenye deni halisi la malezi. Ila Zai Wo namuelewa pia. Alisema wazi kitu ambacho wafiwa wengi wanakificha, kwamba mtu anaweza kumpenda mzazi wake na wakati huohuo kuogopa kwamba nafasi yake itachukuliwa.

Hofu hiyo ilimkuta mtu mkubwa kuliko wote serikalini mwaka 1577. Zhang Juzheng ndiye aliyekuwa akiiendesha Uchina kwa niaba ya mfalme Wanli, kijana wa miaka 14. Baba yake alifariki huko kwao Jiangling. Desturi ilimtaka aondoke, lakini mfalme akaamuru abaki, naye akabaki na kuendelea na kazi za dola. Maofisa watano waliopinga kwa maandishi walicharazwa viboko mbele ya ikulu, wengine wakapelekwa uhamishoni. Mwaka uliofuata Zhang aliruhusiwa kwenda kumzika baba yake, akarudi kazini. Alipofariki mwaka 1582, heshima yake iliporomoshwa na mali ya familia yake ikataifishwa, na ule msiba wa baba yake ukawa umeshawapa maadui zake silaha. Hapo ndipo udhaifu wa miezi 27 unapoonekana. Muda ulikuwa mrefu, lakini haukuwa na njia ya katikati: ama umeondoka kabisa na kuhatarisha riziki, ama umebaki na kuitwa mtoto asiye na adabu. Na ulikuwa wa maofisa. Mkulima wa mpunga hakulipwa na yeyote kwa kukaa makaburini. Leo mfanyakazi wa huko husikia habari ya siku 1 hadi 3, kwa agizo la mwaka 1980 lililoandikiwa mashirika ya umma. Kutoka miezi 27 hadi siku 3, na katikati hakuna ngazi.

Ngazi hiyo naiona kwa Wayahudi. Kwao siku 7 za kwanza mtu hafanyi kazi. Hukaa nyumbani kwenye kiti kifupi, nguo yake imechanwa, na kwa mzazi huchanwa upande wa kushoto, karibu na moyo. Chakula cha kwanza baada ya maziko hakitoki jikoni kwake. Majirani ndio wanaoleta, mara nyingi mayai na dengu. Baada ya siku 7 anarudi kazini. Lakini hajaacha kuwa mfiwa. Hadi siku ya 30 yapo mambo anayoyaepuka, na kwa baba au mama peke yake maombolezo huendelea mpaka miezi 12. Kwa miezi 11 mtoto huenda sinagogi kusema sala ya Kadishi, na sala hiyo haisemwi na mtu mmoja chumbani kwake. Lazima wapatikane watu wazima 10, ambao kwa wanaoshika desturi ya zamani ni wanaume. Fikiria maana yake kwa karani aliyeanza kazi jana katika mji asioujua. Asubuhi kabla ya ofisi na jioni baada ya ofisi anatakiwa atafute watu 9, wajue kwamba amefiwa, wasimame naye waitikie, kisha kila mtu aende zake. Bosi hajapoteza hata saa moja. Mfiwa naye hajaachwa peke yake.

Kuna kanuni nyingine ndani ya Talmud ambayo naona kila afisa utumishi angepaswa kuijua. Mfiwa aliye maskini, ambaye akikosa kazi watoto wake hawatakula, anaruhusiwa kuanza kazi baada ya siku 3, kimyakimya nyumbani kwake. Lakini wanazuoni wa kale hawakuishia kwenye ruhusa. Waliwatupia majirani zake laana kwa kumwacha afikie hali hiyo. Aliyerudi kazini mapema hakulaumiwa. Lawama ilikwenda kwa waliomzunguka, ambao wangeweza kumchangia unga na hawakufanya hivyo. Nyingine ni ya nywele. Aliyefiwa na mzazi hanyoi mpaka wenzake wamkemee kwamba sasa amezidi kuwa ovyo. Yaani mwisho wa hatua hiyo hautangazwi na kalenda. Unatangazwa na watu wanaomwona kila siku.

Sisi wa pwani tumelelewa na siku tatu. Mtume aliwazuia watu kujinyima mapambo kwa ajili ya maiti zaidi ya siku hizo, isipokuwa mke kwa mumewe, ambaye hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Iko habari mashuhuri ya Umm Habiba, mke wa Mtume. Baba yake, Abu Sufyan, alipofariki, aliagiza manukato, akampaka binti mmoja, kisha akajipaka mwenyewe mashavuni. Akaeleza kwamba hakuwa na haja yoyote ya manukato. Alifanya hivyo kwa kuwa alimsikia Mtume akiweka mpaka huo. Naipenda habari hii kwa ukweli wake. Huzuni haikuisha siku ya tatu, na Umm Habiba hakujifanya kwamba imeisha. Alirudi katika maisha kwa kutii, moyo ukiwa nyuma.

Siku hizo tatu zinabebeka kwa sababu ya watu wanaozijaza. Baada ya vita vya Mu'ta, mwaka 629, Mtume aliagiza ipikiwe chakula jamaa ya Ja'far, aliyeuawa humo, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Uswahilini agizo hilo linaonekana kabla hata maiti haijatoka. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa barazani, sufuria zinatoka nyumba kwa nyumba, vijana wanakwenda kuchimba kaburi bila kuitwa. Wanawake wanalala matanga ndani pamoja na mfiwa ili usiku usimkute peke yake. Makaburini mtu wa familia anasimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze aonane na fulani. Siku ya tatu husomwa hitima na matanga kuanuliwa. Mtu aliyepita katikati ya mikono yote hiyo anaweza kuamka siku ya nne akaenda dukani kwake kufungua mlango, kwa sababu kila mteja atakayeingia alikuwepo msibani.

Hapo ndipo ofisi ya leo inapovunja mpango mzima. Sheria iliichukua idadi ya siku ikawaacha watu. Kijana anazika Pangani au Moshi, anapanda basi kurudi Dar es Salaam, na asubuhi anaketi kati ya watu ambao hawakumjua mama yake, hawakula naye, hawakumsikia akilia. Hajawahi kuwachangia katika misiba yao, kwa hiyo anaona haya hata kusema. Ofisi nyingi zina chama cha kufa na kuzikana, na daftari lake ni la haki kwa waliozoeana: leo kwangu, kesho kwako. Lakini mgeni hajalipa hata mwezi mmoja. Katika kundi la WhatsApp la idara kutatumwa pole nyingi zinazofanana, na kufika saa sita mchana maongezi yamerudi kwenye ripoti ya wiki.

Huko alikotoka nako kuna mzigo. Katika kikao cha msiba, mjomba anapogawa michango, macho yote humwendea aliyepata kazi. Jeneza, gari la kusafirisha mwili, chakula cha waombolezaji: wewe si una kazi sasa? Anajibu ndiyo, mjomba, kwa sababu hakuna jibu lingine la adabu, ilhali mshahara wa kwanza haujaingia. Anakopa kwa simu, na riba inaanza kuhesabiwa kabla udongo haujakauka. Nasema haya kwa kuwa ninazipenda desturi zetu. Msiba unaomlazimisha mfiwa kukopa umekwenda kinyume na lile agizo la jamaa ya Ja'far, ambapo chakula kiliingia nyumbani kwa mfiwa na hakikutoka kwake. Wazee wa familia wanaweza kulirekebisha hili bila kusubiri Bunge: wamwandikie mwenye kazi mpya mchango mdogo kuliko wote, kisha wamlinde mbele ya watakaonung'unika.

Mimi niliijua hali hii pale nilipoanza kazi muda mfupi baada ya kumzika mama. Kilichonikwamisha kilikuwa fomu ya bima ya afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humruhusu mwanachama kuandikisha mwenzi wake na wategemezi wengine hadi 4, na mzazi anaweza kuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba siku nikipata ajira rasmi, jina la kwanza nitakaloandika pale ni la mama, mwenye kisukari, ambaye daftari lake la kliniki lilikuwa na kurasa zilizobandikwa kwa gundi. Afisa utumishi, kijana mpole, aliniuliza, "Dada, hapa kwenye wategemezi hamna mtu?" Nikamwambia hamna. Akapiga mstari kwenye visanduku vyote vinne na kunigeuzia ukurasa wa akaunti ya benki. Hakukosea chochote. Hakuna mahali popote kwenye fomu zile palipomtaka ajue.

Ndiyo maana nayathamini mavazi na alama ambazo watu walibuni ili mfiwa asilazimike kujieleza. Zamani wanawake wa pwani walivaa kaniki. Uingereza ya karne ya 19 mwanamume alizungushia mkono kitambaa cheusi juu ya koti la kila siku, akaenda kazini. Wajapani hutuma kadi kabla ya mwaka kwisha kuwaarifu watu kwamba nyumba yao ina msiba, kwa hiyo wasiletewe salamu za Mwaka Mpya. Ghana, kwa Waakan, mazishi makubwa hufanywa Jumamosi, wiki kadhaa baada ya kifo, na mtu akionekana barabarani kwa nguo nyeusi na nyekundu hakuna haja ya kumuuliza anakokwenda. Burundi familia hukusanyika mara ya pili, miezi kadhaa au mwaka baada ya maziko, kwa kuganduka, ndipo msiba unapofungwa. Alama hizi zote humfikishia habari mtu ambaye hakuwepo.

Asiye na alama inambidi aseme kwa kinywa chake, na yupo mmoja aliyefanya hivyo mahali pagumu. Roland Barthes alianza kazi ya uprofesa katika Collège de France, Paris, mwezi Januari 1977. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo mama yake, ambaye aliishi naye karibu maisha yake yote, alifariki. Kesho yake alianza kuandika huzuni yake kwenye vikaratasi, ambavyo vilichapishwa kitabu mwaka 2009, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Februari 1978 alipofungua kozi yake mpya, aliwaeleza wasikilizaji kwamba kati ya siku aliyochagua mada na siku aliyoanza kuiandaa, alipatwa na msiba, na mtu anayewafundisha hakuwa tena yule aliyeichagua. Kisha akafundisha. Naliona hilo kuwa tendo la ujasiri na la manufaa. Hakuomba kazi ipunguzwe. Aliwapa watu walio mbele yake habari waliyoihitaji ili wamwelewe.

Mwajiri anaweza kulirahisisha jambo hili kwa gharama ndogo. Sharti la miezi 6 naliona lina maana kwa likizo ya mwaka, ambayo mtu huipanga. Kwa kifo cha mzazi halina, kwa hiyo lingeondolewa. Mgeni aliyefiwa apewe mwenzake mmoja wa kumfuata kila akihitaji kutoka nje dakika kumi. Kipindi chake cha majaribio kisogezwe mbele, asipimwe kwa wiki ambazo akili yake ilikuwa makaburini. Na asitakiwe kupeleka cheti cha kifo kana kwamba anashukiwa, wakati nakala ya tangazo la msiba au simu ya mjumbe wa mtaa ingetosha.

Kisha inakuja siku ya mshahara wa kwanza, na hiyo huuma kwa namna yake. Korea desturi ya miaka mingi ni kijana kutumia mshahara wa kwanza kuwanunulia wazazi nguo nyekundu za ndani za kukinga baridi. Kwetu mshahara wa kwanza, au sehemu yake, hupelekwa kwa mama, naye huishika ile pesa, akaomba dua, wakati mwingine akarudisha kidogo iwe chambo cha baraka. Mwenye kufiwa anaupokea ujumbe wa benki na kidole kinatafuta jina kwenye simu ambalo bado hajalifuta.

Wayahudi hutoa sadaka kwa jina la mzazi. Waislamu nao hufundishwa kwamba mtoto bado ana kazi: dua, sadaka inayoendelea, na kabla ya yote madeni, ambayo Kurani inataka yalipwe kabla urithi haujagawanywa. Nimeona vijana wakienda kwa muuza duka na daftari la mkopo la mama, wakilipa sukari na mafuta ya taa aliyochukua mwezi wake wa mwisho, na muuza duka akikata mstari juu ya jina. Fedha imemfikia mama kwa njia iliyobaki.

Mara nyingi mshahara huo huangukia karibu na arobaini. Wapo masheikh wasioikubali arobaini, na familia zinazowafuata hufanya kisomo siku nyingine yoyote. Hoja yangu haibadiliki. Kufikia wakati huo mgeni ameshakaa kazini wiki kadhaa, watu wamejua anapenda chai ya namna gani na anaishi upande gani. Hapo ndipo wanapoweza kualikwa. Namwambia kila mwenye kazi mpya aliyefiwa awaalike, hata wale aliowafahamu juzi, hata bosi. Wasiojua la kufanya watapewa juzuu au watakaa na wanaume barazani, watakula pilau, na mama mdogo atawasimulia kuhusu marehemu mambo ambayo mwanawe asingeyasema ofisini. Jumatatu watarudi kazini wakimjua mtoto wa nani.